Matuta, Ardhi na Mvua: Hifadhi ya Udongo na Maji na Nafasi ya Wananchi katika Milima ya Usambara, 1946–2000

Utangulizi

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa Usambara Magharibi. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta yaliyokata mteremko, kuacha kulima kwenye miinuko mikali, kutochoma majani na kudhibiti mifugo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 amri hizo zilipanuliwa hadi sehemu nyingine za nchi ya Wasambaa. Kabla ya muongo huo kwisha mpango ulikuwa umeachwa, na mkulima aliyebomoa tuta lake hakuwa tena na wa kumshtaki.

Maelezo ya maofisa wa wakati ule yalikuwa mepesi: wakulima hawakuelewa faida ya hifadhi, nao wanasiasa walitumia ujinga huo kujipatia wafuasi. Maelezo hayo hayakufa na ukoloni. Yamerudi mara nyingi katika taarifa za miradi, yakivikwa maneno ya adabu zaidi, kwamba jamii inahitaji kuelimishwa. Hoja ya insha hii ni kwamba mgogoro wa matuta haukuhusu maarifa ya udongo. Ulihusu mambo matatu ambayo mabwana shamba hawakuyapima: nani ana haki gani juu ya shamba, jembe limo mikononi mwa nani, na nani anatambuliwa kuwa na uwezo wa kuiponya nchi. Mambo hayohayo ndiyo yaliyoamua hatima ya miradi iliyofuata katika mkoa wa Tanga, ukiwamo ule uliosifiwa kwa kushirikisha wananchi.

Nchi ya milima na nchi ya nyika

Milima ya Usambara imegawanywa na bonde la Lwengera katika sehemu mbili. Usambara Mashariki inaitazama Bahari ya Hindi na mji wa Tanga. Usambara Magharibi, yenye vilele vinavyozidi mita 2,000, ndiko iliko Lushoto na Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kilindi. Kwenye kingo za milima hii ardhi huporomoka ghafla kuelekea uwanda mkavu. Msambaa huitofautisha nchi hiyo kwa maneno mawili: shambaai, yaani milimani kwenye ubaridi, migomba na mvua, na nyika, yaani bondeni kwenye joto na ukame. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Wasambaa, ameonyesha kwamba vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo ili mkulima aweze kuzitumia nchi zote mbili. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili ulikuwa na kitu. Mpangilio huo wenyewe ulikuwa hifadhi, maana ulipunguza haja ya kulima kila mteremko kila mwaka.

Karibu na nyumba palikuwa na migomba. Mgomba huifunika ardhi, majani yake huanguka shinani, samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni hutupwa humohumo. Zaidi ya chakula, mgomba ulikuwa ushahidi. Aliyepanda mgomba alitangaza kwamba shamba ni lake na litakuwa la wanawe. Kwa sababu hiyo aliyeazimwa shamba aliruhusiwa kupanda mahindi au maharage, mazao ya msimu, lakini hakutarajiwa kuweka zao la kudumu. Kanuni hii ndogo ya ujirani ina uzito mkubwa katika historia inayofuata, ingawa haionekani katika mipango ya wataalamu.

Juu ya kanuni za mashamba palikuwa na kanuni ya nchi nzima. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kueleza hali ya nchi: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mtawala mwenye nguvu aliyemshinda mpinzani wake aliiponya nchi. Mvua ilinyesha na chakula kilipatikana. Wakubwa waliposhindana, nguvu kwa nguvu, njaa ilifuata. Feierman, katika kitabu chake cha pili cha mwaka 1990, ameyafanya maneno haya kuwa uti wa mgongo wa uchambuzi wake, naye ameonyesha kwamba hayakuwa imani ya kujipendekeza kwa wafalme. Yalikuwa pia kipimo ambacho raia walikitumia kuwahukumu. Mtawala ambaye chini yake mvua ilikosekana alipaswa kujieleza.

Ukoloni wa Kijerumani uliivuruga nchi hiyo kwa njia zaidi ya moja. Katika miaka ya 1890 misitu ya Usambara Mashariki ilifyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya kahawa, kwa kuwa walowezi waliamini kwamba ardhi iliyobeba msitu mkubwa kiasi kile lazima iwe na rutuba isiyokwisha. Msitu ulipoondoka rutuba iliondoka nao, na mashamba mengi yakaanguka. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba uharibifu wa ardhi ya Usambara ulianza na jembe la mkono la Msambaa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na biolojia huko Amani. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mkonge ulitanda kwenye nyanda za chini, na sehemu za misitu ya milimani zikawekewa mipaka kuwa hifadhi za serikali. Msambaa alijikuta amebanwa juu na chini: nyika ilichukuliwa na mkonge, msitu ukachukuliwa na serikali, naye akabaki na miteremko ya katikati. Watu walipoongezeka, muda wa kupumzisha shamba ulipungua.

Amri ya matuta

Kufikia miaka ya 1930 hofu ya mmomonyoko wa udongo ilikuwa imeenea katika makoloni ya Kiingereza. Vumbi lililofunika majimbo ya kati ya Marekani katika muongo huo liliwashtua watawala wa Afrika, nao wakaanza kuitazama kila korongo kama dalili ya maangamizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili hofu hiyo ilipata fedha na wataalamu. Mipango ya maendeleo ya ardhi ilianzishwa Usukumani, Uluguru na Usambara, nayo ilifanana kwa jambo moja: kanuni zilitungwa na idara, zikapitishwa kwa jina la mamlaka ya wenyeji, zikasimamiwa na wazumbe na makarani wao, na aliyezivunja akapelekwa katika baraza la wenyeji kutozwa faini au kufungwa.

Mlalo ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa na watu wengi na miteremko iliyochoka. Haikuwa nchi iliyotengwa na dunia. Wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamekaa huko tangu mwaka 1891, na walikuwapo wenyeji wengi waliojua kusoma, kuandika na kutunga barua za malalamiko. Matuta yaliyotakiwa yalikuwa ya kukata mteremko ili maji yasishuke kwa kasi. Kwa nadharia, kila tuta lingesimamisha maji, udongo ungebaki, na unyevu ungeingia ardhini. Kwa vitendo, tuta linaloshika maji kwenye mteremko mkali hubeba hatari yake. Likipasuka moja katika mvua kubwa, maji yaliyokusanyika hushuka kwa pamoja na kuyabomoa yaliyo chini yake. Tena si kazi ya mara moja: jembe la msimu na mvua ya msimu hulisawazisha tuta, nalo hudai kuchongwa upya.

Kazi hiyo ilimwangukia nani? Katika nyumba za Wasambaa mume alirithi ardhi na kuwagawia wake zake mashamba. Mke ndiye aliyelima chakula cha nyumba. Wanaume wengi walikuwa nje, katika mkonge au katika biashara ya mjini. Hivyo amri iliyoandikwa kwa jina la mlipa kodi, mwanamume, ilitekelezwa na mwanamke ambaye hakuulizwa. Aliongezewa siku za jembe katika msimu uleule ambao palizi na kuni na maji vilimngoja. Si ajabu kwamba katika upinzani wa matuta wanawake walionekana mstari wa mbele. Hali ilikuwa hivyohivyo upande wa pili wa mpaka, katika wilaya ya Murang'a nchini Kenya, ambako mwaka 1947 na 1948 wanawake walikataa kuendelea kuchimba matuta ya lazima.

Ugumu wa kazi, hata hivyo, haumalizi maelezo. Watu wa milimani wamezoea kazi ngumu. Uchambuzi wa Feierman unaingia ndani zaidi, kwenye suala la shamba la kuazima. Mkulima maskini wa Usambara aliishi kwa kuazima vishamba kwa jirani au ndugu mwenye ardhi ya ziada. Mwenye shamba alikubali kwa kuwa mazao ya msimu hayakumnyima haki yake. Tuta liliubadilisha mkataba huo usioandikwa. Aliyelichonga shamba matuta alikuwa ameweka kitu cha kudumu ndani ya ardhi, kama aliyepanda mgomba. Mwenye shamba aliogopa kwamba mwazimwaji angedai. Mwazimwaji aliogopa kwamba mwenye shamba, kwa kuogopa hilo, angeacha kuazima. Hofu hizo mbili zilikutana mahali pamoja, na aliyeumia ni yule asiye na ardhi ya kutosha. Kwa hiyo mpango uliokusudiwa kuilinda ardhi kwa ajili ya wote ulitishia njia pekee ambayo maskini walikuwa nayo ya kuifikia ardhi hiyo.

Hapa ndipo kipimo cha kale kilipotumika tena. Wazumbe waliosimamia matuta walikuwa warithi wa wale waliodaiwa kuiponya nchi. Sasa walionekana wakiwafunga wanawake kwa ajili ya tuta. Mvua ilipokawia, walikuwapo waliosema wazi kwamba matuta yenyewe yanaibana shi. Bwana shamba aliyeyasikia maneno hayo aliyahesabu kuwa ushirikina. Yalikuwa ni hukumu ya kisiasa iliyotolewa kwa lugha ya mvua: kwamba mamlaka isiyosikiliza haiwezi kuleta neema, hata ikishika kipimo cha kontua mkononi. Afisa aliyepima kiasi cha udongo unaopotea na raia aliyepima uhalali wa mtawala walikuwa wakizungumzia mteremko uleule bila kukutana.

TANU ilipoundwa mwaka 1954 haikulazimika kuwafundisha wakulima wa Usambara kuchukia matuta. Iliikuta hasira hiyo na kuipa chombo. Katika milima ya Uluguru mgogoro wa namna hiyohiyo ulilipuka mwezi Julai 1955 huko Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Serikali ikalegeza amri. Usambara haikufikia hapo, lakini shinikizo lilikuwa zito kiasi kwamba kulazimisha matuta kuligharimu zaidi kuliko kuyaacha. Uhuru ulikuja mwaka 1961, na mfumo wa wazumbe ukafutwa muda mfupi baadaye. Urithi wa mgogoro ule ulikuwa mgumu kwa serikali mpya: chama kilichokua kwa kupinga matuta sasa kilikuwa na jukumu la kuwaambia wananchi walewale walinde udongo. Kwa takriban miaka ishirini jambo hilo halikuguswa kwa nguvu Lushoto.

Majani badala ya amri

Miaka ya 1970 serikali ilirudi katika hifadhi ya ardhi kupitia sehemu nyingine ya nchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Ardhi ilipona kwa kuonekana kwa macho, lakini kwa kuwahamisha ng'ombe na, pamoja nao, maisha ya waliowategemea. Lushoto isingeweza kufuata njia hiyo. Hapakuwa na mahali pa kuhamishia chochote.

Mradi wa kudhibiti mmomonyoko na kilimo mseto uliojulikana kwa kifupisho SECAP ulianza wilayani Lushoto mwaka 1981 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, nao ulidumu hadi mwaka 2000. Wazo lake kuu lilikuwa kupanda mistari ya majani ya guatemala, vichaka na miti kwa kukata mteremko, na kumfunga ng'ombe wa maziwa bandani ili majani hayo yawe chakula chake. Uzuri wa wazo hili ni kwamba liliigeuza hifadhi kuwa lishe. Mstari wa majani ulizuia udongo kama tuta lilivyokusudiwa kuzuia, lakini haukubomoka kila msimu, na mavuno yake yalikatwa kwa mundu na kurudi shambani kama samadi. Mkulima hakuambiwa afanye kazi leo kwa ajili ya wajukuu, alipata maziwa. Katika historia ndefu ya kanuni za kilimo Usambara, hili lilikuwa badiliko la kweli, na halistahili kudharauliwa.

Lakini nani alipata maziwa? Aliyekuwa na ng'ombe, au uwezo wa kumnunua na kumjengea banda. Asiye na ng'ombe aliona mstari wa guatemala kama sehemu ya shamba dogo iliyochukuliwa na majani. Tena majani na miti ni vitu vya kudumu. Swali la mgomba na la tuta likarudi kwa sura ya tatu: je, mwazimwaji anaweza kupanda mti katika shamba la mtu? Jibu la desturi lilibaki lilelile. Vilevile, kukataza mifugo kuzurura kulinusuru miteremko iliyochakaa, lakini kwa familia ambazo zilitegemea malisho ya pamoja kwa mbuzi wawili watatu, amri ile ilikuwa hasara ya papo hapo.

Ushirikishwaji ulipata maana mpya katika miaka ya 1990. Wataalamu walianza kukaa na wakulima, kuchora ramani za vijiji na kuuliza mahitaji. Matuta ya ngazi, fanya juu na mistari ya majani viliwekwa mbele ya mkulima kama machaguo. Tafiti zilizofanywa Lushoto mwanzoni mwa karne hii zimeonyesha mwelekeo unaoeleweka kwa yeyote aliyeijua Mlalo ya 1946. Waliojiunga na vikundi vya wakulima na waliofikiwa na mabwana shamba walihifadhi zaidi. Mashamba yaliyo mbali na nyumba, na kukosekana kwa faida ya muda mfupi, vilirudisha nyuma. Matuta ya ngazi huzuia udongo vizuri kuliko mistari ya majani, lakini gharama yake ya kazi ni kubwa, hivyo huyachonga zaidi yule mwenye nguvu kazi, au mwenye mboga za kuuza Dar es Salaam zinazoweza kuilipa kazi hiyo.

Neno ushirikishwaji lenyewe lina tatizo la sarufi ambalo si dogo. Kushirikiana ni kitendo cha watu wawili wanaotazamana. Kushirikishwa ni kutendewa: yuko anayeshirikisha, naye ndiye mwenye shughuli. Mkulima wa SECAP aliulizwa achague kati ya njia tatu za kuzuia udongo. Hakuulizwa kama tatizo la kwanza la mteremko wake ni udongo, au ni ukosefu wa ardhi ya tambarare iliyochukuliwa miaka mingi kabla hajazaliwa.

Kutoka mlimani hadi bombani

Maji ya milima hii hayaishii milimani. Mto Zigi hutoka Usambara Mashariki na kushuka hadi pwani. Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, hukusanya maji yake kwa matumizi ya mji wa Tanga. Udongo unaooshwa kutoka katika mashamba ya milimani hutua bwawani humo, hupunguza nafasi ya maji na kuongeza kazi ya kuyasafisha. Kwa muda mrefu jibu la serikali lilikuwa kuulinda msitu kwa mipaka: Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, na baadaye wakulima wa iliki katika ushoroba wa Derema waliondolewa kwa fidia iliyozusha mabishano. Kwa mkulima wa iliki, ambaye alilima chini ya kivuli cha miti mikubwa bila kuikata yote, hifadhi ilikuwa na maana ya kuhama.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 imeleta njia nyingine, kwa kuzipa nafasi jumuiya za watumia maji. Katika bonde la Zigi umeundwa umoja wa wakulima wahifadhi mazingira, UWAMAKIZI, unaounganisha vijiji vya mito ya Kihuhwi na Zigi. Jambo jipya hapa ni kwamba uhusiano wa juu na chini umetajwa waziwazi: mwananchi wa Tanga mjini hufungua bomba kwa sababu mtu fulani Usambara hakulima ukingo wa mto. Ukingo ulioachwa bila kulimwa ni magunia ya mahindi yasiyovunwa, na gharama hiyo hubebwa na nyumba moja moja, huku faida ikigawanywa kwa mji mzima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila na kuruhusu zisajiliwe. Mwenye shamba aweza kupata hati. Shamba la kuazima halimo katika hati hiyo. Katika miteremko ya Lushoto mtu aweza kulima kipande kimoja kwa miaka kumi kwa idhini ya mdomo, akapanda maharage vuli na mahindi masika, na asiweke hata shina moja la guatemala, si kwa kutojua kazi yake. Kipande cha jirani kimechongwa ngazi, na hapo katikati, kutoka juu hadi chini, upo mfereji mwembamba ambamo maji ya mvua hupita na udongo.